Makaa ya Poland Mlangoni kwa Baba

Gainsborough, Lincolnshire
Jumapili, 25 Machi 1984

Mdogo wangu Brenda,

Hapa kwetu wote wazima. Wifi yako Pauline anakusalimu, mgongo wake umetulia kidogo. Binti yetu Gillian amepata kazi benki, anakaa kaunta, na tangu siku hiyo anatuhutubia habari za riba utadhani ndiye aliyeibuni. Baba je? Kifua chake? Nimemtumia tumbaku. Najua daktari amemkataza, na najua Baba hajawahi kumsikiliza daktari.

Lori la tano nimelichukua Jumatano. Ubavuni nimeandika jina langu, na juu ya kioo cha mbele jina la mama, "Ivy May", kwa rangi ya dhahabu, kama kwenye yale manne. Mwambie mumeo Norman fundi ni yule yule ambaye yeye alimshikia ngazi tulipoandika la kwanza, na kwamba bei yake imepanda mara tatu.

Sasa la mgomo wenu wa migodini. Niseme langu halafu ninyamaze. Makaa ya mawe yamelundikwa kwenye vituo vya umeme mpaka yanafunika madirisha. Baridi inaisha. Nyinyi mnagoma Machi! Ni nani anayegoma kushona makoti siku ya kwanza ya kiangazi? Na kura ya kuamua mgomo hamkupiga. Yule mama waziri mkuu wa London anawasubiri nyinyi tu, Brenda, amejipanga miaka mitatu, na nyinyi mmemwendea mikono mitupu.

Usinijibu kwamba nimekuwa mtu wake. Simpendi. Mwaka 1980 nililipa riba ya asilimia ishirini kwa mkopo wa lori la pili, na miezi saba tukala mkate na mafuta ya kukaangia. Viwanda viwili nilivyokuwa nikivibebea mizigo vilifungwa mwaka ule ule. Lakini nyumba hii nilipanga kwa halmashauri miaka kumi na moja, na ilinibidi niombe ruhusa hata ya kupaka mlango rangi. Serikali yake ndiyo iliyoniuzia. Waliithamini pauni elfu kumi na nne, wakanipunguzia asilimia arobaini na moja kwa ile miaka yangu, nikalipa elfu nane mia mbili sitini. Jioni ile ile nikaupaka mlango rangi nyekundu. Hilo siwezi kulisahau, hata aliyelifanya awe nani.

Mbusu Baba.

Kaka yako,
Les


Thornlaw, Durham
6 Mei 1984

Kaka Les,

Tumbaku imefika, Baba ameivuta, amekohoa dakika kumi nzima, kisha akasema haina nguvu kama ya zamani. Basi hali yake unaielewa. Ashukuriwe Mungu kwa kazi ya Gillian. Wangu wawili wako shuleni na wanakula chakula cha mchana bure, ndiyo faida pekee tuliyopata mpaka sasa.

Umeuliza nani anagoma mwanzo wa kiangazi. Ni yule aliyeambiwa mwezi Machi kwamba mashimo ishirini ya makaa yatafungwa na watu elfu ishirini watarudi nyumbani. Ulitaka tumwandikie yule mama tumwombe atufunge Oktoba, ili tupate kugoma kwa starehe?

Na kwa kuwa unapenda hesabu, chukua hii. Mgomaji mwenyewe hapewi kitu na serikali. Mke na watoto ndio wanaohesabiwa. Mimi karatasi yangu inasema pauni ishirini na sita na peni sabini na tano kwa wiki. Halafu wanakata kumi na tano, kwa sababu wamepitisha sheria ya kudhani kwamba chama cha wachimbaji kinatulipa posho ya mgomo. Chama hakitulipi hata peni, na wao wanajua. Nabaki na kumi na moja na sabini na tano. Karani dirishani nikamwambia, "Hizo kumi na tano nimepewa na nani?" Akasema, "Mama, hapa imeandikwa umezipata." Nikamwambia, "Basi njoo nyumbani ule wali uliopikwa kwa hizo pesa." Hata hakucheka.

Kwa hiyo tumefungua jiko kwenye ukumbi wa chama. Wanawake kumi na wawili, masufuria tumeazima kanisani. Tunatoa sahani mia mbili na arobaini kila siku, siku tano kwa wiki, na nimezibana mpaka kila sahani inagharimu peni ishirini na nane. Mimi niliyeacha shule na miaka kumi na mitano, leo nabishania bei mpaka muuza nyama akiniona anakimbilia stoo.

Norman hulala hapa siku mbili kwa wiki. Siku nyingine wanapelekwa kwa basi dogo kukaa kwenye malango ya watu kuzuia makaa yasipite.

Na wewe, bado unabeba changarawe? Hukusema.

Brenda


Gainsborough
17 Juni 1984

Brenda mdogo wangu,

Nisamehe nimechelewa, kazi imezidi. Pauline anasema nimekuwa mgeni wa Jumapili. Gillian ana mchumba, kijana mrefu asiye na mabega, anauza bima.

Nakutumia pauni sitini za jiko lenu. Nimepiga hesabu: ni sahani mia mbili na kumi na nne. Siungi mkono mgomo, naunga mkono tumbo la mtoto. Nitatuma kila mwezi nikiweza.

Kuhusu kazi, nabeba chochote chenye uzito. Siku hizi mtu hachagui.

Usimwambie Baba kwamba pesa zimetoka kwangu, atataka kujua mengi.

Les


Thornlaw
2 Septemba 1984

Les,

Hatujambo. Watoto hawajambo. Baba anakohoa. Salamu zimekwisha.

Tarehe tisa Agosti Norman alikuwa kwenye gati moja dogo la mtoni, si mbali na kwako. Walitoka hapa usiku ili wafike kabla ya malori. Meli ya makaa kutoka Poland ilikuwa imetia nanga hapo. Polisi mia tatu kuwalinda madereva ishirini, na baadhi ya polisi hao wakiwapungia vijana wetu noti za pauni kumi kuonyesha wanavyolipwa ziada kwa ajili yetu. Malori yakatoka kwa mstari. Vioo vimewekewa wavu wa chuma, madereva wamefunga nyuso, majina ubavuni yamepakwa rangi nyeusi.

Norman alikuwa na jiwe mkononi. Nakwambia kama alivyoniambia. Likaja lori la kijani, akanyanyua mkono, akasoma juu ya kioo: IVY MAY. Mkono ukashuka wenyewe. Likaja la pili, Ivy May. La tatu. Wenzake wakamuuliza, "We Norman, unahesabu magari ya harusi?"

Ulikumbuka kulifuta jina lako. La mama ukaliacha. Jina la mama yangu, Les, mke wa mchimbaji, binti wa mchimbaji, umelipitisha katikati ya polisi juu ya makaa ya kuvunjia mgomo! Ungeacha lako ukafuta lake ningekuheshimu kidogo.

Norman alikaa na jambo hili wiki tatu hakuniambia. Hakula vizuri, nikadhani ni tumbo. Jana ndipo aliposema, tena kwa sababu nilimwomba akupigie kukushukuru kwa zile pesa za mwezi wa nane.

Pesa! Sitini mara tatu. Sahani mia sita arobaini na mbili. Nimeziweka mwenyewe mbele ya watu ambao waume zao wamevunjwa mbavu kwenye lango hilo hilo. Sijawaambia wenzangu, na sitawaambia, maana jirani yetu Ethel Tulip angejitapisha pale pale ukumbini. Umenifanya mwongo jikoni kwangu. Kwa hilo nakuchukia kuliko kwa malori.

Baba sijamwambia pia. Unajua mvunja mgomo hapa hasemeshwi. Akiingia dukani, watu wanaangalia maharage rafuni, si yeye. Nikimwambia Baba, huna baba. Ndiyo sababu pekee ya kunyamaza kwangu, usidhani ni huruma.

Usitume tena kitu.

Brenda


Gainsborough
9 Septemba 1984

Brenda,

Nimesoma mara nne. Sasa na mimi unisome.

Mwaka 1966 shimo langu lilifungwa. Nani alilifunga? Serikali ya Labour, chama ambacho Baba amekipigia kura tangu ana ndevu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, Gillian ana wiki sita. Chama cha wachimbaji kilinifanyia nini? Kilileta bendera, tarumbeta, na hotuba ya dakika hamsini. Kesho yake watu wa Thornlaw wakaingia kazini kama kawaida. Hakuna aliyesimama langoni kwa ajili yangu! Hakuna mwanamke aliyenipikia sahani ya peni ishirini na nane! Waliniambia nijaribu kusini. Nikajaribu. Nimeendesha lori la mtu miaka minane, nimelala ndani yake Januari, na kila nilicho nacho nimekipata bila kuombewa na mtu kwenye kipaza sauti.

Sasa hesabu. Changarawe inalipa pauni moja na peni ishirini kwa tani. Makaa haya yanalipa nne. Tani ishirini kwa safari, safari sita, malori matano: badala ya mia saba na ishirini kwa siku, elfu mbili na mia nne. Ujenzi umekufa mkoa huu, halmashauri hazijengi tena hata banda. Mwezi Aprili benki iliniandikia kwamba itachukua malori mawili. Nina madereva wanne wenye watoto. Niwaambie nini, kwamba dada yangu amekasirika? Nisingebeba mimi angebeba mwingine, na makaa yale yale yangepita lango lile lile.

Jina la mama sikulifuta kwa sababu nilishindwa. Nilipanda ngazi na kopo la rangi, nikashindwa. Ukitaka kucheka, cheka.

Mlikwenda vitani na mtu anayetaka vita. Mimi sikuwapeleka.

Les


Gainsborough
Jumatatu, 10 Desemba 1984

Brenda,

Miezi mitatu hujaandika. Sawa.

Binamu Hilda amempigia Pauline. Anasema makaa ya bure ya wachimbaji wastaafu hayaletwi tangu mgomo uanze, na kwamba Baba amechoma uzio, kabati la mama, na sasa anavunja kibanda cha njiwa. Anasema midomo yake ni ya buluu. Mtu aliyechimba makaa miaka arobaini na nne, anachoma kabati!

Wiki iliyopita serikali iliuza kampuni ya simu, na mimi nikanunua hisa mia nne kama wenye nchi. Nililipa peni hamsini kwa kila moja, na siku ya kwanza tu zikauzwa tisini na tatu. Nikaziuza palepale. Faida pauni mia moja sabini na mbili, sikuinua hata kijiko. Ndizo nilizonunulia makaa tani mbili. Yatafika mlangoni kwa Baba kesho asubuhi, huenda kabla ya barua hii. Sema yametoka kanisani, sema chochote. Mzee akiwa anakufa kwa baridi, makaa ni makaa tu.

Les


Thornlaw
19 Desemba 1984

Les,

Makaa ni makaa tu. Ungesema hivyo mbele ya mtu yeyote mtaani hapa angedhani umelewa.

Sikiliza ulichofanya. Saa mbili asubuhi, mtaa mzima uko milangoni kwa kuwa hakuna mwenye kazi ya kwendea, linaingia lori. Linamwaga tani mbili barabarani mbele ya geti la Baba, kama lilivyokuwa likimwaga lori la mgodi siku za amani. Makaa meusi, makubwa, yanayong'aa. Miezi tisa hatujaona kitu kama hicho. Watu hapa wanakwenda kwenye lundo la kifusi cha mgodi na ungo, wanachekecha tope kutafuta vipande vya ukubwa wa njugu. Mume wa Ethel alifukiwa huko mpaka kiunoni, akavunjika mkono.

Baba akatoka na ndara. Dereva wako mwenye masharubu akamwambia, "Umelipiwa, mzee."

"Na nani?"

"Na mwanao, Bwana Hepple. Bosi wetu."

Basi, hata kudanganya hukumfundisha. Baba akachukua bonge moja, akaligeuza mkononi, akalinusa. Akauliza, "Mwanangu anapata wapi makaa ya ng'ambo?" Dereva akaanza kupanda lorini. Baba akasema, "Rudisha."

"Silipwi kurudisha, mzee."

Akaondoka. Ethel akamwita Baba kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara, "Wilf! Kwako Krismasi imewahi!" Na hakuna aliyecheka. Jioni mtu akachukua kipande cha makaa hayo hayo akaandika ukutani kwa Baba neno moja. Unalijua neno lenyewe, lile wanaloitwa wavunja mgomo.

Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa lile lundo. Theluji imelifunika, watoto wanatetemeka, na hakuna hata mwizi! Na unajua Baba anafanya nini? Kila asubuhi anatoa kiti, anavaa koti, anakaa getini kwake saa mbili nzima, kando ya lundo. Anataka watu waone bomba la jiko lake halitoi moshi. Nimemwomba, Norman amemwomba. Anasema, "Waache wahesabu."

Ulitaka kumtia joto. Umemtoa nje.

Jina lako halitajwi tena nyumba ile. Nilijaribu mara moja. Akasema, "Nani?"

Brenda


Gainsborough
20 Januari 1985

Dada Brenda,

Pauline anaumwa mgongo tena. Gillian amevunja uchumba, afadhali. Nasema haya kwa kuwa sijui nianzie wapi.

Baba yukoje? Hilda hapokei simu. Niambie tu nije, hata kupita dirishani. Nitakuja kwa treni, nitatembea kutoka stesheni, mtu hatajua. Kama ana dawa ya kununuliwa nitainunua.

Utafurahi kusikia hili. Kampuni moja yenye malori sitini imelichukua gati lote kwa peni ishirini pungufu kwa tani. Mwenye gati, niliyemwamshia madereva saa tisa usiku miezi minane, alinipigia simu dakika moja na nusu. Nikamwambia, "Na ule mkataba wetu wa maneno?" Akasema, "Ndiyo biashara huria, Les, wewe ndiye uliyekuwa ukiisifia." Benki imeandika tena. Sahihi ni ya mkubwa wake Gillian kazini.

Nalaani pande zote. Lakini niambie habari za Baba.

Les


Thornlaw
Jumatano, 13 Februari 1985

Les,

Baba alifariki Ijumaa. Tumemzika jana.

Ningeweza kukupigia simu Ijumaa. Ningeweza kukuandikia Jumamosi na barua ingekufikia Jumatatu. Nimekaa siku tano na karatasi mezani, nimekuandikia leo makusudi, ili uipate akiwa ameshafunikwa.

Bendera ya chama ilitangulia, na kitambaa cheusi juu yake. Watu mia nne, na hakuna hata mmoja mwenye viatu visivyovuja. Alibebwa na wanaume sita. Mbele kushoto, mahali pa mtoto wa kwanza, alisimama mume wa Ethel na mkono wake uliovunjika. Norman alimwambia, "Utaweza?" Akasema, "Ninao wa pili."

Daktari ameandika mapafu. Ameacha kuandika miezi kumi na moja, na kiti getini, na pauni kumi na tano za kila wiki.

Sina zaidi.

Brenda


Gainsborough
17 Februari 1985

Brenda,

Siku tano. Baba yangu mzazi. Hata mtu wa gerezani hupewa ruhusa ya kumzika babake, analetwa na pingu, anatupa udongo, anarudi! Wewe umenihukumu kuliko hakimu. Unasema yule mama hana moyo. Yeye hanijui, lakini wewe nilikubeba mgongoni kwenda shule.

Sitakutukana. Nimeandika kurasa tatu za matusi na Pauline amezitia motoni.

Nijibu jambo moja tu, kisha sitakusumbua. Hilda anasema alisikia kwamba siku za mwisho bomba la Baba lilitoa moshi. Makaa yangu yalichomwa au hayakuchomwa? Alikufa na baridi? Nina haki ya kujua hilo. Siombi kingine.

Les


Thornlaw
Jumapili, 10 Machi 1985

Les,

Wazima. Watoto wamekua, suruali zote fupi. Jumanne wanaume wamerudi shimoni. Hakuna walichopewa, hata sahihi ya mtu kwenye mapatano. Walitembea na bendera na tarumbeta, na sisi wanawake tukasimama langoni tukapiga makofi mpaka viganja vikauma, kwa sababu kama tungeacha kupiga makofi tungelia. Alhamisi, siku mbili tu baadaye, meneja akawaita wazee wa chama. Shimo la Thornlaw litafungwa kabla ya Krismasi. Wanatoa malipo ya kuondoka, na tayari kijana mmoja mwenye mkoba anapita nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu wayanunulie nini. Wanaume walioshikana mwaka mzima, sasa kila mmoja anajifungia jikoni na karatasi yake, anapiga hesabu peke yake. Hicho ndicho alichokitaka yule mama. Makaa hayakuwa shida yake.

Nimechelewa kukujibu. Swali lako nimelitembeza wiki tatu.

Tarehe tano Februari, Jumanne, kitanda cha Baba tulikuwa tumeshakiteremsha chumba cha mbele. Maji yaliganda kwenye glasi kando ya kichwa chake. Norman alikuwa kwenye zamu ya mgomo langoni. Nikachukua ndoo, nikatoka. Saa tatu asubuhi, kweupe, si kwa kujificha. Nilifukua theluji kwa mikono. Ethel alikuwa dirishani, akashusha pazia.

Nikawasha. Yaliwaka mara moja, Les, sijawahi kuona moto kama ule. Baada ya nusu saa madirisha yalitoa jasho. Baba akafumbua macho, mashavu yamepata rangi. Akautazama moto.

"Hayo si yetu," akasema.

"Ni ya kwenye kifusi, Baba. Norman alichekecha."

"Brenda, ya kifusi yanatema mawe. Haya yanawaka marefu, ya njano, hayana sauti. Miaka arobaini na nne. Usinifanye mtoto."

Akasema, "Zima."

Birika la maji lilikuwa pale pale, mkononi mwangu. Maisha yangu yote sijawahi kumkatalia. Nikasema, "Sizimi." Akasema tena, "Zima." Nikachukua ndoo, nikaongeza.

Akageukia ukutani.

Siku tatu. Alizungumza na daktari, akamwambia ahsante. Alizungumza na Norman, akamwomba maji. Mchungaji alipokuja walibishana kidogo. Mimi nikileta supu alifunga mdomo, Norman akiishika alikunywa. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimwita Baba, Baba, kama mwehu. Aliutazama ukuta kama watu wanavyotazama maharage dukani. Na kila mara nilipotoka kulia jikoni nilirudi na ndoo nyingine, maana nilikuwa nimeshalipa bei yake yote, na sikuona sababu ya kumwacha agande bure.

Ndiyo maana sikukuita. Nilikuwa na hasira nawe, kweli, na bado ninayo. Lakini pia ungefika angenyamaza kwetu sote wawili kwa pamoja, chumba kimoja, na wewe ungejua. Sikutaka ujue.

Alikata roho Ijumaa saa nne asubuhi. Mikono yake ilikuwa ya moto. Miguu pia, niliishika. Umeuliza kama alikufa na baridi. Hakufa na baridi.

Usithubutu kunishukuru.

Brenda